Mcheza Kwao

Ilipotangazwa mwaka 2025 kwamba Madonna, mwenye umri wa miaka 67, angetoa albamu nyingine ya dansi pamoja na mtengenezaji wa muziki Stuart Price, hoja mbili kongwe zilifufuka. Ya kwanza yasema kuwa dansi ni mchezo wa vijana, na mwanamke mtu mzima hujiaibisha akiucheza. Ya pili yasema kuwa mwimbaji arudiaye dansi amechoka kufikiri. Hoja zote mbili ni dhaifu, na ubaya wake mkubwa ni kuwa zafunika hoja ya tatu iliyo ya haki.

Umri si hoja. Mwaka 2005 Mick Jagger, mwenye miaka 62, alitoa albamu pamoja na wenzake wa Rolling Stones, na ukakamavu wake ukahesabiwa kuwa sifa. Mwaka uo huo Madonna alitimiza miaka 47, na siku ya kuzaliwa kwake alianguka farasi akavunjika mifupa. Kabla ya mwaka kwisha alionekana akicheza katika filamu ya wimbo wake Hung Up. Ikiwa uhodari wa mwili ni heshima kwa mwanamume, kwa sheria gani huwa fedheha kwa mwanamke? Mizani yenye mawe mawili si mizani, ni wizi.

Wala hoja ya pili haisimami. Madonna alisomea dansi katika Chuo Kikuu cha Michigan, akaenda New York mwaka 1978 kutafuta riziki ya uchezaji, na wimbo wake wa kwanza, Everybody, uliotoka mwaka 1982, ulikuwa wa dansi. Mwaka 2003 alitoa American Life, albamu ya gita na lawama juu ya tamaa ya mali. Wanaoiita hiyo fikira, na Confessions on a Dance Floor ya mwaka 2005 upuuzi, hudhani kuwa akili hukaa katika ulimi peke yake. Katika albamu hiyo ya pili nyimbo zimeungana bila kituo, kama usiku mmoja wa ukumbini. Na Hung Up umesukwa juu ya kipande cha wimbo wa ABBA wa mwaka 1979, kundi ambalo ni nadra sana kutoa ruhusa hiyo. Kuchagua kipande, kukipima na kukipa uhai mpya ni kazi ya fikira. Mcheza kwao hutuzwa: mwaka 2007 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy.

Lakini hapo kwao ni kwa nani? Disko ililelewa katika kumbi za New York na Weusi, watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, na wapenzi wa jinsia moja. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, sanduku la santuri za disko lililipuliwa kwa baruti kati ya michezo miwili ya besiboli, mbele ya halaiki iliyoshangilia. Katika mji huo huo Frankie Knuckles, mtu mweusi, aliushika mdundo huo ukumbini Warehouse, ukazaa muziki wa house. Mwaka 1990 Madonna aliitangazia dunia dansi ya vogue iliyokuzwa Harlem. Aliwachukua wachezaji wake mahodari, Jose Gutierez na Luis Camacho, wakacheza naye; lakini jina lililovuma lilikuwa moja.

Hiyo ndiyo hesabu impasayo mhakiki. Badala yake huhesabu makunyanzi ya mwimbaji, na wadai halisi hubaki mlangoni. Mchezaji akituzwa, na waliofagia uwanja, wakaulinda siku ya baruti, wakasahauliwa, methali imetimizwa nusu. Wahakiki na waidai nusu iliyobaki. Miaka ya mchezaji waiache.