Nani Mwizi: Anayekopi au Anayeficha?

Kuna mwenzetu mmoja, mshairi, tena mzuri tu, siku tuliyokutana kusomeana kazi zetu alinivuta pembeni akaniambia: "Kaka, wewe una kichwa. Achana na hiyo bendi ya kukopi. Kukopi ni wizi." Halafu akaenda mbele kusoma shairi lake. Nikamsikiliza kwa adabu zote. Beti tatu za mwanzo nikazitambua. Maneno yalikuwa yake, sikatai, lakini mwendo ule, mvua ile na dirisha lile, na namna ubeti unavyokatikia njiani, vyote nilivisoma miaka miwili nyuma katika kitabu ambacho mimi mwenyewe ndiye niliyemwazima. Watu wakapiga makofi. Hakumtaja mtu.

Jina lake silitaji, na ugomvi naye sina. Lakini jibu anastahili, na si yeye peke yake.

Mimi ni mpiga besi. Mchana nauza vipuri vya pikipiki, Ijumaa na Jumamosi napiga harusi na sendofu na bendi yetu ya watu sita. Hatuna hata wimbo mmoja wa kwetu. Tunapiga za DDC Mlimani Park, za Msondo, za Franco na TP OK Jazz, na usiku ukikolea tunateremsha rege za Bob Marley. Kabla ya kila wimbo mwimbaji wetu anashika maiki na kusema huu ni wa nani. Akikosea, hakosekani mzee wa kusimama na kumsahihisha, hata kama bwana harusi anangoja keki.

Mnadhani kukopi ni kazi ya mtu mvivu? Njooni mjaribu. Uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Kwenye kispika kidogo cha simu au redio ya kaseti sauti hiyo karibu haipo, unaikisia. Niliwahi kukaa wiki nzima na wimbo mmoja wa Mlimani Park, nikimfuata Suleiman Mwanyiro. Noti nilizipata siku ya pili. Siku tano zilizobaki nilikuwa najifunza mahali anaponyamaza. Besi ya dansi letu ina mapengo, na ukiyajaza kwa kiherehere chako wacheza dansi wanarudi kukaa. Hilo sikufundishwa na mtu, nimelipata kwa kukopi.

Na besi yenyewe nimeitengeneza kwa mikono yangu. Ya dukani ilinishinda bei. Baba mdogo ana karakana Keko, anachonga vitanda. Nikaomba vipande vya mninga, maana mninga ukikauka vizuri haupindi ovyo. Mara ya kwanza nilijifanya mbunifu. Freti nilizipanga kwa kukisia kutoka kwenye picha, nikijiambia jicho la msanii linatosha. Nyuzi zikiwa wazi sauti ilikuwa tamu kama asali. Ukibonyeza freti ya tano, balaa. Tulikwenda nayo kwenye harusi hivyo hivyo. Bibi harusi anaingia, mwimbaji ananiangalia kama niliyemwibia viatu, na kiongozi wetu akaninong'oneza: "Bwana mdogo, hiyo besi inatukana wakwe."

Ndipo nilipoazima besi ya kiwandani nikaikopi kwa rula. Kutoka pale uzi unapoanzia kichwani hadi unapokalia chini ni milimita 864, kipimo alichotumia Leo Fender kwenye besi yake ya mwaka 1951. Urefu huo unaugawa kwa 17.817, unapata mahali pa freti ya kwanza, milimita 48 na nusu hivi. Kinachobaki unakigawa tena kwa namba ile ile, na tena, mpaka freti ya kumi na mbili inapoangukia katikati kabisa, 432. Pikapu (msifikirie gari, ni kile kidude cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) niliisuka kwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu, kwa kutumia gurudumu la cherehani la mama. Waya ulikatika mara nne. Mama alisema nikiharibu cherehani nihame nyumba.

Safari hii iliimba. Tukaenda kujaribiwa kwenye hoteli moja hapa mjini, kazi ya kila Ijumaa, malipo ya maana. Meneja hakusubiri hata wimbo uishe. Alitazama kichwa cha gitaa, akauliza, "Hii ya wapi?" Nikamjibu kwa fahari, ya Keko. Akatabasamu. "Wageni wetu wanataka vyombo orijino."

Wiki mbili baadaye kiongozi wetu akaja na stika aliyochapisha Kariakoo, jina kubwa la Kimarekani kwa herufi za kupinda. Tukaibandika. Tukarudi na besi ile ile, vidole vile vile na wimbo ule ule. Meneja akatikisa kichwa kwa raha. "Hapo sasa! Sauti nzito, unaisikia tofauti." Nilipiga pale miezi mitatu. Hela nilipokea, kodi ya chumba nililipa. Na kila mgeni aliposogea kuisifu besi kwa jina lililoandikwa pale, tumbo lilinikata.

Miaka yote ya kupiga nyimbo za watu sikuwahi kujisikia mwizi. Kwa stika ile nilijisikia hivyo kila Ijumaa.

Sasa nirudi kwenu washairi. Shaaban Robert alipomleta Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, jina la Omar aliliweka kwenye jalada. Mwalimu Nyerere alipofasiri Shakespeare, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakutuambia kaota usiku. Malenga wetu wa magazetini huchukua vina vya mwenzao, wakamtaja kwa jina na kumjibu, na hakuna aliyeitwa mwizi. Sisi vijana ndio tuliozua aibu hii ya kukopi, na aibu hiyo imetufundisha kuficha. Mtu anasoma kitabu kimoja usiku, asubuhi anaamka na "sauti yake".

Mpiga besi anajua maana ya kutotajwa. James Jamerson alishika besi kwenye nyimbo kibao za Motown miaka ya 1960, watu wakacheza wasijue ni nani, mpaka santuri ya Marvin Gaye ya mwaka 1971 ilipoandika jina lake. Naye Aston "Family Man" Barrett wa Wailers, aliyefariki Februari 2024, besi yake ya kwanza alijitengenezea mwenyewe. Mngemwambia naye alete ya orijino?

Mnaweza kunishika mahali pamoja, na hapo sitabisha. Kutaja jina la mtunzi hakununui unga. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tunayo, lakini harusi ikiisha mimi nagawana na wenzangu, na familia ya aliyeutunga wimbo haipati hata nauli. Hilo deni ni letu. Anayetaka kutusuta aanzie hapo, nitamsikiliza. Ila asije mtu mwenye stika kwenye shairi lake akanisomea amri ya sita mpaka ya kumi.

Na kama unauliza lini nitatunga wimbo wangu, jibu ni sijui. Pengine sitatunga.

Stika nimeibandua. Kiongozi alininunia mwezi mzima, na hoteli ile hatupigi tena. Gundi imeacha doa kichwani mwa gitaa, nimelipiga msasa halitoki vizuri. Jumamosi hii tuna harusi Temeke, saa mbili usiku. Mwenzangu mshairi namkaribisha, aje na lile shairi la mvua. Sisi tutasema kila wimbo ni wa nani, kisha maiki tutampa yeye.