Mbele ya kubeba pompe, beba telefone

Ndugu walimaji, wamama na wababa wa koperative, mwaka jana niliona lengalenga za bustani yangu zinatobolewa. Sikuuliza mutu. Nilibeba pompe, nikanyunyiza dawa. Jioni vidudu vyote vilikuwa chini, nikafurahi. Kisha siku chache walaji wa majani walirudi kwa wingi. Wenye kuwawinda hawakurudi.

Kati ya waliokufa niliona buibui mudogo mwenye manyoya, hapiti mbegu ya haragi. Huyo ni buibui murukaji. Yeye hafumi wavu wa kutegea. Anatembea juu ya majani, anaangalia, kisha anarukia nzi na viwavi vidogo. Mbele ya kuruka anafunga uzi nyuma yake, sawa mutu anayepanda muti na kamba. Ana macho munane, na mbili ya mbele ni makubwa sana. Anawinda muchana, njo maana tunaweza kumuona. Kwa mutu hana hatari.

Wengine watasema: kupiga foto ya buibui ni muchezo wa watoto. Mimi nasema hapana. Bila foto, kila mutu anakuja kwenye mukutano na maneno tu, na tunanunua dawa juu ya woga.

Kumupiga foto si kazi nguvu. Enda asubuhi, jua likianza kupasha majani. Sogea polepole, kivuli chako kisimufunike. Atageuka kukuangalia, hapo simama. Shusha telefone ifike usawa wa macho yake, tia kiko kwenye goti ili mukono usitetemeke, gusa kioo pale macho yake yanaonekana, piga nyingi. Kisha geuza jani, piga foto ya chini pia.

Sisemi buibui anamaliza shida yote. Viwavi wakijaa, peke yake hawezi; tena mara moja moja anakamata hata nyuki. Lakini tusimuue bila kujua kama yuko.

Ninaomba hivi: mbele ya koperative kutoa franka za dawa, kila mumoja alete foto tatu za bustani yake. Asiye na telefone aombe jirani. Tuangalie pamoja na agronome, kisha tukate shauri. Lengalenga hizi tunazipika nyumbani. Dawa ambayo hatukunyunyiza haitafika kwenye sahani ya mutoto.