Gitaa Kavu Lina Kosa Gani?

Nimeishika kalamu kwa sababu ya ubishi ambao umetukosesha usingizi bwenini tangu muhula wa pili: je, yafaa roki ipigwe kanisani? Wapo wanaosema hasha, kila chenye nyuzi ni cha dansi na ulevi. Mimi naona wengi wao hawajaketi hata siku moja karibu na gitaa lisilotiwa umeme wakasikiliza.

Likizo ya Agosti nilihudhuria tamasha dogo katika ukumbi wa kanisa moja mjini Nakuru. Kiingilio hakikuwapo, ila kikapu mlangoni. Tulikuwa watu kama themanini hivi kwenye viti vya plastiki, na kule nyuma akina mama wa kanisa wakiuza chai na mandazi. Wanamuziki walikuwa wanne: wawili wa magitaa makavu, mmoja wa kayamba, na mwingine aliyekalia sanduku la mbao akilipiga kwa viganja. Spika hakuna, maikrofoni hakuna. Ati roki! Mzee mmoja aliyevaa koti zito aliniuliza kama mitambo imekwama njiani.

Basi wakaanza. Mdundo ulikuwa wa roki hasa, ule unaotikisa mguu wako hata ukijikaza. Lakini kila neno lilisikika, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Kwenye mikutano mikubwa ya uwanjani spika hupangwa zikawa kama ghorofa, na mtu hurudi nyumbani masikio yakimvuma, asiweze kukuambia wimbo ulisema nini. Muulize tu. Atakujibu, "Ah, ilikuwa moto sana!" Moto wa nini, jamani? Majirani nao hukesha bila kupenda, ingawa nchi yetu imekuwa na kanuni za kuzuia kelele tangu mwaka 2009. Katika ukumbi mdogo mwimbaji hana pa kujificha. Akisahau utajua, na maneno yake yakiwa matupu kama debe utajua pia.

Katikati ya tamasha mvua ilishuka juu ya mabati, sauti zote zikamezwa. Wale vijana waliacha jukwaa wakaja kusimama katikati ya ukumbi. Nasi tukaburuta viti tukawazunguka, mithili ya watu wanaoota moto. Sijawahi kuona jambo hilo uwanjani.

Wanaodai kwamba gitaa ni mgeni kanisani nawauliza swali moja. Huo wimbo wa Krismasi tuujuao kama Usiku Mtakatifu, mwajua ulianzaje? Uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la kijiji cha Oberndorf, nchini Austria. Padri Joseph Mohr, aliyetunga maneno, ndiye aliyepiga gitaa, na Franz Xaver Gruber, aliyetunga sauti, aliimba pamoja naye. Gruber alikuwa mwalimu wa shule (walimu wetu mwasikia?). Na Zaburi ya 150 inataja vyombo vya nyuzi pamoja na tarumbeta na matari. Hata Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, liliamua mwaka 1963 kwamba kinanda cha mabomba kipewe heshima yake, lakini vyombo vingine navyo vyaweza kukubaliwa. Roki ya Kikristo yenyewe si ya jana: Mmarekani Larry Norman alitoa sahani yake Upon This Rock mwaka 1969, wakati wazazi wetu wengi hawajazaliwa.

Isitoshe, gitaa kavu ni letu. Kule Magharibi, enzi za akina George Mukabi, mpigaji alikaa barazani na gitaa lake, mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta kutia mdundo, na kijiji kizima kikafuata hadithi hadi mwisho. Hakuna aliyelalamika kwamba hasikii maneno.

Sisemi kwamba kila kitu kule Nakuru kilinipendeza. Mpigaji mmoja alipenda mno kuonyesha wepesi wa vidole vyake, hata wimbo ukampotea. Lililoniudhi zaidi ni lugha. Nyimbo zilikuwa kumi na moja, na tisa kati yazo zilikuwa za Kiingereza, tena kile cha kutolea puani, kana kwamba vijana wale walizaliwa California na si Njoro. Ya nini kuondoa spika ili maneno yasikike, halafu uyafungie katika lugha ambayo nusu ya ukumbi inaisikia kwa mbali? Ulipofika wimbo mmoja wa Kiswahili, kisa cha mwana mpotevu anayeshuka stejini usiku akiwa hana hata nauli ya kufika kwao, yule mzee wa koti alivua kofia. Akina mama waliacha kumimina chai. Ukumbi ulikuwa kimya hadi gitaa liliponyamaza, na hata baada ya hapo watu walichelewa kupiga makofi.

Hapa shuleni gitaa la Chama cha Wakristo limefungiwa stoo tangu mwaka jana, eti litatuletea disko. Ombi langu kwa Mwalimu Mkuu ni saa moja tu, Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, katika bwalo. Hatutahitaji spika wala jenereta, na prepu haitaguswa. Nyimbo zitakuwa za Kiswahili, na sisi wa Chama cha Kiswahili tutayapitia maneno kabla hayajaimbwa. Mwalimu mlezi akiona neno lisilofaa alifute. Gitaa lenyewe limekatika nyuzi mbili. Hizo tutachanga.