Kliniki za uzazi zilipofungwa: UVIKO-19 iliwaachia nini wanaotafuta mtoto?

Machi 2020, wagonjwa wengi waliokuwa wakitafuta mtoto kwa msaada wa kliniki waliambiwa kwamba matibabu yamesitishwa na tarehe ya kuanza tena haijulikani. Wapo waliokuwa wamekwisha kuanza sindano, na wapo waliokuwa wamesubiri zamu yao kwa miezi mingi. Makala hii inaeleza kwa nini kliniki zilifungwa, wagonjwa walipoteza nini, na mambo gani ya kuuliza mapema kabla ya janga jingine. Tumetumia zaidi mfano wa Uingereza, kwa sababu kliniki zote za huko ziko chini ya msimamizi mmoja, mamlaka iitwayo HFEA.

Tatizo hili linawagusa wangapi?

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo la kushindwa kupata mtoto katika kipindi fulani cha maisha yake. Tatizo huhesabiwa kuwepo pale mimba inaposhindwa kutunga baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Chanzo kinaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanamume, au kwa wote wawili, ingawa katika familia nyingi lawama huanzia kwa mke.

Kwa nini kliniki zilisimama?

WHO ilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku sita baadaye, chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani, ASRM, kilishauri kliniki zisianzishe matibabu mapya. Tarehe 23 Machi, HFEA iliagiza kwamba wagonjwa waliokwisha kuanza wamalizie, na ifikapo 15 Aprili matibabu yote yawe yamesimama.

Ili kuelewa uamuzi huo, angalia hatua za matibabu ya IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili. Mwanamke huchoma sindano za homoni kwa takriban siku 8 hadi 14 huku akienda kliniki mara kadhaa kupimwa damu na kufanyiwa ultrasaundi. Kisha hupewa dawa ya usingizi au ya kutuliza ili mayai yatolewe. Mayai hurutubishwa maabara, na baada ya siku chache kiinitete huwekwa kwenye mfuko wa uzazi au hugandishwa.

Kila hatua ilikuwa na mgongano na janga. Safari nyingi za kliniki ziliongeza nafasi ya kuambukizana. Dawa za usingizi, barakoa na wauguzi vilihitajika kwenye wodi za wagonjwa mahututi. Wanawake wachache huvimba ovari kupita kiasi kutokana na sindano, na baadhi yao hulazimika kulazwa. Tena, wakati huo hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu athari za virusi vipya kwa mjamzito na mtoto.

Hata hivyo, si kila kitu kilisimama. Wagonjwa wa saratani waliokaribia kuanza dawa zinazoweza kuharibu uzazi waliruhusiwa kuhifadhi mayai au mbegu zao. Matangi yenye viinitete pia yalihitaji uangalizi wa kila siku, kwa kuwa naitrojeni ya maji huyaweka katika nyuzi 196 chini ya sifuri na lazima iongezwe mara kwa mara. Sheria ya Uingereza ilikuwa imeweka kikomo cha kawaida cha kuhifadhi kuwa miaka 10. Serikali iliongeza miaka miwili ili mtu asipoteze kiinitete chake kwa sababu kliniki ilikuwa imefungwa.

Je, kuchelewa kuliharibu nafasi ya kupata mtoto?

Hili ndilo swali lililowanyima watu usingizi, na jibu lake lina pande mbili.

Upande wa kwanza unatia moyo. Watafiti wa Weill Cornell jijini New York walichunguza kumbukumbu za wanawake wenye akiba ndogo ya mayai, kundi linaloogopa zaidi kuchelewa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, wanawake walioanza IVF ndani ya siku 90 baada ya kuonana na daktari mara ya kwanza walikuwa na nafasi ya kujifungua inayokaribiana na walioanza kati ya siku 91 na 180. Kwa wengi, basi, miezi michache peke yake haikufunga mlango.

Upande wa pili ni kwamba wengi hawakucheleweshwa miezi michache tu. Kliniki za Uingereza ziliruhusiwa kuomba kufunguliwa kuanzia 11 Mei 2020, lakini kufunguliwa mlango si sawa na kupata zamu. Waliojilipia wenyewe walirudi haraka kuliko waliotegemea huduma ya umma, NHS. Takwimu za HFEA zinaonyesha kuwa mwaka 2019 asilimia 35 ya awamu za IVF zililipiwa na NHS. Mwaka 2023 zilikuwa asilimia 27. Janga si sababu pekee ya kushuka huko, ila liliongeza uzito kwenye foleni iliyokuwa ndefu tayari.

Umri nao una kanuni zake. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza ulipendekeza awamu tatu kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40, na awamu moja tu kwa wa miaka 40 hadi 42. Mwanamke aliyefikisha miaka 40 wakati kliniki zimefungwa hakuwa mgonjwa zaidi ya alivyokuwa mwezi uliotangulia, lakini haki yake ingeweza kupungua. Kwake, hatari ya kuchelewa ilitokana na kanuni kuliko mwili.

Mipaka ilipofungwa

Familia za Afrika Mashariki zinazosafiri kwenda nchi nyingine kutibiwa zilikwama kwa namna yake. Kenya ilisitisha safari za ndege za kimataifa za abiria mwishoni mwa Machi 2020 hadi 1 Agosti. India, inayopokea wagonjwa wengi kutoka kwetu, ilisitisha safari za kawaida za kimataifa Machi 2020 na kuzirejesha kikamilifu Machi 2022. Nchini Ukraine, watoto kadhaa waliozaliwa na wanawake waliowabebea wengine mimba walilelewa hotelini jijini Kyiv Mei 2020, kwa kuwa wazazi wao hawakuruhusiwa kuingia nchini.

Chanjo na uvumi

Chanjo zilipofika, ulienea uvumi kwamba zinaleta utasa. Uvumi huo ulipata nafasi kwa sababu wajawazito hawakujumuishwa kwenye majaribio ya mwanzo. Tafiti zilizofuata hazikuunga mkono hofu hiyo. Utafiti wa wanaume 45 uliochapishwa Marekani mwaka 2021 haukuona kupungua kwa mbegu baada ya dozi mbili za chanjo za mRNA, na tafiti za wanawake waliofanya IVF hazikuona tofauti ya kushika mimba kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa. Kwa mwanamume, homa kali ya ugonjwa wenyewe ndiyo inayoweza kupunguza mbegu kwa muda, kwa kawaida kwa miezi miwili hadi mitatu.

Ukiwa kwenye matibabu sasa, uliza haya

- Kliniki ikifungwa katikati ya awamu, je, mayai au viinitete vyangu vitagandishwa, na gharama ni ya nani?
- Fedha niliyolipa itarudishwa au itasogezwa mbele? Omba jibu kwa maandishi.
- Nani anaangalia matangi wakati wa dharura, na umeme ukikatika kuna akiba gani?
- Kikomo cha umri kikinikuta kwenye foleni, muda wa kufungwa utahesabiwa?
- Ninatibiwa nje ya nchi: je, daktari wa hapa anaweza kuendelea na vipimo vyangu? Weka nakala ya kumbukumbu zako zote.

Ikiwa una zaidi ya miaka 35 na mmejaribu kwa miezi sita bila mafanikio, msisubiri mwaka uishe: nendeni kupimwa wote wawili. Na kama mnasubiri zamu na moyo umechoka, mwelezeni mhudumu wa afya. Katika kipindi kile wengi walinyamaza, wakiona aibu kulalamikia mtoto ambaye hajatungwa wakati wengine wanazika. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, na ulistahili msaada.