Maoni Yetu: Msaada wa mkulima ufike kabla ya mvua

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, zipo siku ambazo Durban hupata joto la ajabu katikati ya kipupwe. Upepo mkavu huteremka kutoka milima ya Drakensberg, ambayo Wazulu huiita uKhahlamba, ukapita nyanda za kati za jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, hadi baharini. Mjini watu huvua makoti na kwenda ufukweni. Huko juu, ambako nyasi zimekwisha kukaushwa na baridi na jalidi, upepo huohuo huchukua cheche ya jiko au ya waya wa umeme na kuifanya moto usiozimika kwa matawi na ndoo.

Julai 2024 ilikuwa hivyo. Moto ulizuka sehemu nyingi za jimbo kwa wakati mmoja. Wazima moto sita walipoteza maisha eneo la Boston, humohumo jimboni, na malisho, mifugo, nyumba na mashamba ya miti vikateketea. Septemba mwaka uleule theluji nzito ikaanguka, ikafunga barabara ya N3 inayounganisha Durban na Johannesburg pale Van Reenen, na kuwakwamisha mamia ya wasafiri. Wasafiri walitangazwa dunia nzima. Wenye mifugo walihesabu hasara yao wenyewe.

Tunasema leo jambo moja. Afrika Kusini ina sheria za maafa, ina wataalamu, na ina fedha kuliko nchi nyingi za bara hili. Msaada wake kwa mkulima mdogo unaharibika kwa kuchelewa. Anayeunguliwa malisho mwezi wa Agosti ana kama wiki kumi za kuokolewa. Zikipita, kinachomfikia ni rambirambi.

Hesabu yake ni rahisi. Nyasi zilizoungua wakati wa kipupwe hazichipui mpaka mvua zianze, kwa kawaida Oktoba. Katika muda huo ng'ombe anahitaji marobota ya hei, maji ya kunywa na uzio. Wengi husahau uzio. Nguzo za mbao zikiungua na seng'enge ikalegea, ng'ombe huingia barabarani au katika shamba la jirani, na mwenye mali huanza kulipa madeni kabla hata hajamaliza kuhesabu mizoga. Akipata hei, maji na uzio Agosti, mvua ya Oktoba itamkuta bado ni mfugaji. Akivipata Machi mwaka unaofuata, atakuwa amekwisha kuuza ng'ombe wake kwa bei ya kutupa au kuwafukia. Mtamba anahitaji takriban miaka mitatu tangu kuzaliwa hadi kuzaa ndama wake wa kwanza. Kwa hiyo robota la hei lililokosekana Agosti linamrudisha mfugaji nyuma miaka, na serikali inayotaka kumwinua baadaye italipa mara nyingi zaidi ya bei ya hilo robota.

Sasa tazama njia ambayo msaada hupitia. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2002, tukio hupimwa, kituo cha taifa cha maafa hulipanga katika daraja la kitaifa, la jimbo au la wilaya, kisha tangazo hutolewa. Tangazo hilo hudumu miezi mitatu, lisipoongezwa muda. Halafu huja maombi ya fedha, uhakiki wa hasara, mgawo na manunuzi. Kila hatua ina sababu yake, na hatudai zifutwe. Watu wa nchi ile waliona jinsi fedha za Korona zilivyochotwa mwaka 2020, na wana haki ya kutaka risiti. Lakini mpangilio huu unafaa zaidi daraja lililobomoka, ambalo litangoja mhandisi bila kufa njaa. Ng'ombe hangoji.

Ukame ni mbaya kwa namna nyingine, kwa sababu huingia polepole na kuondoka kwa makelele. Mwaka 2015 mvua ya Afrika Kusini ilikuwa ndogo kuliko mwaka wowote tangu kumbukumbu za kitaifa zianze 1904. Majimbo matano, KwaZulu-Natal likiwamo, yalitangazwa kuwa maeneo ya maafa. Bwawa la Hazelmere, kaskazini mwa Durban, lilishuka mpaka maji ya mgawo yakawa jambo la kawaida kwa vitongoji vya upande ule, na Goedertrouw linalohudumia Richards Bay likafuata. Januari 2016 tani moja ya mahindi meupe ilipita randi 5,000. Hayo ndiyo mahindi ya uphuthu wa Wazulu na ya ugali wetu, chakula cha mtu wa kipato cha chini kutoka Umlazi hadi Lubumbashi.

Mavuno ya mahindi ya nchi yalishuka hadi takriban tani milioni 7.8 mwaka 2016. Mwaka uliofuata yakaruka hadi tani milioni 16.8, na maofisa wakatangaza kwamba kilimo kimepona. Ni kweli kwamba mahindi yalipona. Sehemu kubwa ya mahindi hayo ilitoka kwa wakulima wakubwa wa Free State na Mpumalanga, wenye mikopo, matrekta na bima. Mfugaji wa Nongoma, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, aliyepoteza ng'ombe sita kati ya tisa hakuwamo katika takwimu hizo wakati wa kuanguka, wala wakati wa kuinuka. Tunaomba wahariri wenzetu waache kupima uzima wa mashambani kwa tani za mahindi peke yake.

Miwa nayo ina kisa chake, na hapa Durban inahusika moja kwa moja. Chama cha sukari cha nchi nzima na taasisi ya utafiti wa miwa vipo Mount Edgecombe, kaskazini mwa mji huo, na sukari inayouzwa nje hupitia maghala ya bandarini. Pembeni mwa mji, kuanzia Ndwedwe hadi pwani ya kusini, kuna maelfu ya wakulima wadogo wanaotegemea zao hili. Kisiki cha muwa huchipua tena kila baada ya kuvunwa, kwa miaka kadhaa, na hapo ndipo penye faida ya mkulima mdogo: anapanda mara moja, anavuna mara nyingi. Ukame mkali ukiua kisiki, inambidi alime upya, anunue mbegu na mbolea, kisha angoje mwaka mmoja pwani, au hata miwili huko nyanda za juu, kabla ya kuona hundi ya kiwanda. Moto una uchungu wake. Wenyeji huunguza miwa kwa makusudi kabla ya kukata, kwa hiyo mtu wa mjini hudhani muwa ulioungua si hasara. Ni hasara usipofika kiwandani ndani ya siku chache, maana sukari yake huharibika. Wakati wa ghasia za Julai 2021 zaidi ya tani laki tano za miwa zilichomwa katika jimbo hili huku viwanda vikiwa vimefungwa na barabara hazipitiki. Mwaka uliofuata, Aprili, mafuriko yakasomba mashamba. Oktoba 2022 kampuni ya Tongaat Hulett, mnunuzi mkubwa wa miwa ya wadogo, ikawekwa chini ya wasimamizi wa kuiokoa. Mkulima mmoja amepigwa mara tatu ndani ya miezi kumi na tano, na kila pigo lilikuwa na fomu yake ya maombi.

Nani hufanikiwa kujaza fomu hizo? Katika ruzuku ya Korona ya mwaka 2020 wizara ya kilimo iliweka sharti kwamba mwombaji awe na mauzo ya kati ya randi 20,000 na randi milioni moja kwa mwaka. Maombi yalipita 55,000. Yaliyokubaliwa yalikuwa kama 15,000. Mama mwenye mbuzi saba na bustani ya maboga alikuwa nje kabla ya kushika kalamu, na huyo ndiye ambaye moto humwachia majivu matupu.

Ardhi inazidisha ugumu. Takriban hekta milioni 2.8 za KwaZulu-Natal ziko chini ya Ingonyama Trust, iliyoundwa mwaka 1994, mdhamini wake akiwa mfalme wa Wazulu. Wanaoishi humo wana haki ya kukaa na kulima inayotambuliwa na chifu na jirani, lakini hawana hati ya kupeleka benki kama dhamana. Benki ya Ardhi nayo, iliyoanzishwa 1912 ili kumkopesha mkulima, ilishindwa kulipa madeni yake Aprili 2020 na ikakaa katika hali hiyo zaidi ya miaka minne. Hata ushauri mzuri hugonga mwamba. Wataalamu husema, uza mifugo mapema kabla ukame haujakolea. Katika wilaya za kaskazini mwa jimbo, ugonjwa wa miguu na midomo ulioripotiwa tangu 2021 umefunga njia za kusafirisha na kuuza ng'ombe. Auze kwa nani?

Tunayopendekeza hayahitaji sheria mpya.

La kwanza ni orodha, na orodha ipo. Katika vijiji vya KwaZulu-Natal ng'ombe hupelekwa joshoni, na kwenye josho kuna kamati, kuna mtaalamu wa mifugo anayewahesabu, na kuna daftari. Daftari hilo linamtaja mwenye ng'ombe bila kumwuliza hati ya shamba wala mauzo ya mwaka. Lihakikiwe kila Mei, kabla ya majira ya moto, kamati ikisaini na chifu akishuhudia mbele ya watu. Moto ukipita, anayejulikana kuwa na ng'ombe tisa apate hei ya ng'ombe tisa wiki ileile, na wakaguzi wafuate baadaye. Wizi utapungua, kwa kuwa kijiji kizima kinajua ng'ombe wa kila mtu.

Kenya imeonyesha kwamba inawezekana. Katika mpango wake wa kupambana na njaa huko Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kaya ziliandikishwa na kufunguliwa akaunti za benki kabla ya janga. Picha za setilaiti zikionyesha uoto umeshuka chini ya kiwango fulani, fedha huongezwa na kusambazwa kwa kaya nyingi zaidi bila kungoja harambee. Mpango huo haukuzuia vifo vya mifugo zaidi ya milioni mbili katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosa kufuatana. Uliweka fedha mkononi mwa mtu akiwa bado na uamuzi wa kufanya.

Mashine peke yake nayo haitoshi. Malawi ilinunua bima ya ukame kutoka shirika la Umoja wa Afrika, na mwaka 2016 hesabu za kompyuta zikasema hakuna ukame wa kulipwa, huku mamilioni ya watu wakiwa na njaa. Ilikuja kugundulika kwamba hesabu zilichukulia kuwa wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walikuwa wamehamia mbegu za muda mfupi. Malipo ya dola milioni 8 yalifika mwanzoni mwa 2017. Mtu wa joshoni angewaambia hilo kwa swali moja.

La pili ni hei yenyewe. Kila mara moto ukiwaka, wakulima wa majimbo mengine hupakia malori, na mashirika kama Gift of the Givers, lililoanzishwa Pietermaritzburg mwaka 1992, hufika na marobota na mitambo ya kuchimba visima. Tunawavulia kofia. Serikali ya jimbo isiwaachie kazi yake. Nyasi ni nyingi na rahisi Februari na Machi, baada ya mvua; zinunuliwe wakati huo, zihifadhiwe karibu na majosho, na wanakijiji walipwe kuzikata.

La tatu ni kinga. Sheria ya moto ya mwaka 1998 inamtaka mwenye ardhi atengeneze mkanda wa kuzuia moto, na inawapa nafuu mahakamani wanachama wa vyama vya kuzuia moto. Kwa mwenye shamba kubwa hiyo ni kazi ya trekta na wiki mbili. Kwenye malisho ya pamoja hakuna trekta la mtu yeyote. Vikosi vya Working on Fire, vinavyoajiri vijana tangu 2003, vipewe kazi ya kukata mikanda hiyo mwezi wa Mei na Juni, pamoja na ile ya kuuzima moto Agosti.

Mwaka 2011 mataifa yalikutana Durban na kuidhinisha muundo wa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Jengo la mkutano ule liko mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka malisho yanayoungua kila kipupwe, na Cedara, makao makuu ya idara ya kilimo ya jimbo, iko njiani. Mwaka wa bajeti ya jimbo huanza Aprili mosi, na moto huanza Juni. Katika bajeti ijayo tutatafuta vifungu vitatu: fedha za hei, fedha za uzio, na posho ya wahakiki wa daftari la josho. Visipokuwamo, tutamwuliza mkuu wa idara hiyo, kwa jina na kwa tarehe, ni nani aliyeviondoa.