Pampu Isiyovuta Maji



Kila mwaka mvua za masika zikatikapo, kuanzia Juni hadi Agosti, hutufikia hapa Isingiro lalamiko moja: pampu ya kisima yanguruma kama desturi yake, lakini maji hayaji. Mwenye nyumba huiwasha na kuizima, huita jirani, kisha hukata shauri kwamba pampu imekufa. Hapo fedha za kahawa zilizowekwa kwa ajili ya ada za watoto hutolewa, pampu nyingine yenye nguvu zaidi hununuliwa na kufungwa pahala pa ile ya kwanza, nayo pia hunguruma bila ya kutoa hata tone. Mwezi huu twataka kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwani mara nyingi pampu ile ya kwanza haikuwa na ugonjwa wowote.

Kwanza yapasa tufahamu pampu hufanya kazi gani. Wengi hudhani kwamba huyavuta maji kama mtu avutavyo ndoo kwa kamba. Sivyo. Pampu iliyokaa juu ya ardhi hupunguza nguvu ya hewa iliyomo ndani ya bomba. Hewa ya nje, ambayo ina uzito wake, huyakandamiza maji kisimani, nayo hupanda ndani ya bomba kwenda palipo na upungufu. Basi kiyapandishacho maji ni uzito wa hewa. Pampu hufungua njia tu.

Elimu hii ina historia ndefu. Ismail al-Jazari, fundi wa wafalme wa Kiartuki huko Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, na ndani yake alieleza pampu ya pistoni mbili yenye mabomba ya kunyonyea maji. Mwaka 1638 Galileo wa Italia aliandika kwamba pampu ya kunyonya haiwezi kuyapandisha maji kupita dhiraa 18 hivi za kwao. Mwaka 1644 Torricelli alieleza sababu: sisi wanadamu twaishi chini ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito wenye kipimo. Kisha mwaka 1648 Florin Périer, shemeji yake Pascal, alipanda mlima wa Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na bomba la zebaki. Alipofika juu aliona zebaki imeshuka zaidi ya sentimita 8, kwa kuwa huko juu hewa ni nyepesi kuliko bondeni.

Mlima huo una kimo cha mita 1,465. Nasi katika Karagwe na Kyerwa twakaa juu ya vilima ambavyo vingi vyafikia kimo hicho au kukizidi. Kwa hiyo habari ile yatuhusu sana. Pwani, Tanga au Unguja, uzito wa hewa waweza kuinua nguzo ya maji ya mita 10 na kidogo. Kwetu, penye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huinua mita 8 na nusu hivi, na hapo ni kwa hesabu tupu. Kwa kuwa bomba lina msuguano, na hakuna pampu iliyo kamili, yafaa tuhesabu mita 6 tu. Karatasi ijayo na pampu dukani huandika mita 7 au 8, lakini kipimo hicho ni cha watu wa usawa wa bahari.

Basi angalieni lililotokea. Mwezi wa Mei maji ya kisima yalikuwa mita 5 chini ya pampu, na kazi ikaenda vizuri. Mwezi wa Agosti maji yameshuka hadi mita 8. Hakuna kilichoharibika, ila maji yamekwenda mbali kuliko hewa iwezavyo kuyasukuma. Ukileta pampu yenye nguvu mara tatu, hali itakuwa ile ile, kwani nguvu ya pampu haiongezi uzito wa hewa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kufungua mfuko wako, pima. Chukua kamba, funga jiwe, ishushe hadi igonge chini, kisha ivute juu. Pima kutoka palipolowa hadi pale pampu ilipo. Ikiwa ni zaidi ya mita 6, dawa ni mojawapo ya hizi: kuishusha pampu karibu na maji, kama ni ya umeme na fundi ameiwekea pahala pakavu na imara, au kununua pampu ya kuzamishwa ndani ya maji, ambayo huyasukuma maji kutoka chini wala haitegemei hewa, au kurudia ndoo na kamba hadi mvua za vuli zirudi. Hilo la mwisho si aibu.

Ikiwa kipimo ni kidogo na bado maji hayaji, fuata daraja hizi, moja baada ya nyingine.

Daraja ya kwanza ni kusikiliza. Mota ikiwa kimya kabisa, tazama umeme: swichi, soketi, na breka. Ikivuma bila kuzunguka, izime mara moja, kwani nyaya zake zaweza kuungua. Huenda kapasita imekufa au kitu kimekwama ndani, na hiyo ni kazi ya fundi umeme. Hata umeme ukiwa hafifu mota huweza kushindwa kuanza. Wala mtu asiguse pampu kwa mikono iliyolowa, au akiwa pekupeku juu ya ardhi ya maji, kabla ya kukata umeme.

Daraja ya pili ni kuijaza. Pampu ya namna hii haiwezi kuanza kazi ikiwa tumbo lake lina hewa. Kata umeme, fungua kizibo cha juu, mimina maji taratibu mpaka pampu na bomba vijae na mapovu yaishe, kisha funga na uwashe. Usiiache izunguke ikiwa kavu, maana maji ndiyo yanayoipoza. Ikikauka, mpira uzuiao maji huungua upesi.

Daraja ya tatu: ikiwa wamimina na maji yashuka tu wala hayajai, kosa liko mwisho wa bomba kisimani. Huko kuna kilango kidogo kipitishacho maji kwenda juu na kuyazuia yasirudi. Jani, mchanga au kijiwe kikikaa katikati, kilango hakifungi. Vuta bomba, kisafishe, na kama mpira wake umechakaa, nunua kingine. Bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya pampu. Safisha pia chujio lake, na bomba likirudi lisiguse tope la chini.

Daraja ya nne: maji yajaa na kukaa, lakini pampu haivuti, au huvuta kidogo kisha ikakata. Hapo shuku hewa iingiayo kwenye maungio. Tundu la bomba la kunyonyea lina hila: pampu ikizunguka halivuji maji nje, bali hufyonza hewa ndani, ndiyo maana jicho halilioni. Paka povu zito la sabuni kwenye kila ungio huku pampu yazunguka ikiwa imejazwa maji. Panapofyonza povu ndipo penye tundu. Fungua, kausha, zungusha tepu ya mabomba, ukaze upya. Na bomba laini la kumwagilia bustani lisitumiwe kunyonyea, kwani hujikunja na kubanana.

Yote haya yakishindikana, feni ya ndani huenda imeziba au imelika kwa mchanga. Hapo mwite fundi, umwambie daraja ulizokwisha kupita, ili usimlipe kwa kuyarudia.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko fedha. Kuna watu ambao, wakiona maji yako mbali, huishusha pampu ya petroli ndani ya kisima. Ndugu zetu, msifanye hivyo hata kwa dakika chache. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hukusanyika kisimani na kumlegeza mtu kabla hajatambua. Kushusha kibatari kwanza si kinga, kwa sababu sumu hii haizimi moto: taa yaweza kuwaka na mtu akafa kando yake. Na aangukapo mmoja, mwenziwe hushuka kumwokoa, naye huanguka. Ndivyo nyumba moja ipotezavyo watu wawili au watatu kwa kisima kimoja. Injini ikae juu, mbali na mdomo wa kisima. Aliyeanguka ndani asifuatwe na mtu asiye na kamba iliyoshikwa na watu juu na chombo cha kupumulia hewa safi. Paza sauti, zima injini, ita waokoaji.

Twawaomba akina baba wawasomee ukurasa huu vijana wao, kwa kuwa vijana ndio wanaotumwa kisimani. Na akina mama, ambao ndio wa kwanza kujua kwamba maji yamepungua, wasione haya kuagiza kamba ipimwe kabla kahawa haijauzwa.

Wabillahi tawfiq.