Kabla ya nyati, ipigwe karatasi

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kipande chake kikichomekwa chini ya pete ya nyuma ya darubini ya bunduki, pete mbili zikiwa zimeachana sentimita 10, risasi itapanda sentimita 10 kwenye shabaha ya mita 100. Kwenye mita 200 itapanda 20. Hapo hakuna uchawi wala bunduki mbovu. Ni hesabu ya pembe tu, ya kiwango cha sekondari.

Porini hakuna anayechomeka karatasi chini ya pete. Kuna chembe ya mchanga, mafuta yaliyoganda, mabaki ya gundi ya zamani, skrubu iliyolegea robo mzunguko, na kila kimoja kinafanya kazi ileile ya karatasi. Ndiyo maana inashangaza kumwona mtu anatoa dola 2,000 kununua darubini ya Ujerumani au Austria, kisha kazi ya kuifunga anamwachia yeyote mwenye bisibisi.

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania unapofunguliwa mwezi Julai, wageni hushuka Dar es Salaam au Kilimanjaro na masanduku yao ya bunduki. Sanduku limepita mikononi mwa wapakiaji wa viwanja vitatu au vinne. Linaingia kwenye ndege ndogo, kisha nyuma ya Land Cruiser, linadundadunda juu ya makorongo hadi kambini. Huko, wawindaji bingwa wanaojua kazi yao wana desturi moja nzuri: kabla ya lolote, mgeni anapelekwa pembeni ya kambi, karatasi inabandikwa kwenye boksi, na anaambiwa apige.

Desturi hiyo inafaa iwe sharti la kibali, lenye ushahidi. Karatasi yenyewe yenye matundu ihifadhiwe, iandikwe tarehe na namba ya bunduki, isainiwe na mwindaji bingwa pamoja na askari wa wanyamapori anayefuatana na msafara kwa niaba ya serikali. Asiyekuwa na karatasi asitoke kambini na bunduki hiyo.

Watakaosema huo ni urasimu wafikirie kwanza nani anabeba gharama ya risasi iliyopotoka. Kwa mazoea ya biashara hii, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa ameuawa, na mteja anamlipia. Basi mteja amepoteza fedha, na yaishe. Lakini nyati mwenye risasi tumboni hajaisha. Atafuatwa kwenye majani marefu na kichaka, na anayetangulia ni mtafuta nyayo, kijana wa vijiji vya jirani, macho chini kwenye tone la damu, mara nyingi mkononi hana kitu zaidi ya fimbo. Yeye hakuifunga ile darubini, wala hakuulizwa. Nyati huyo asipopatikana, wa kukutana naye kesho yake ni mrina asali au mama aliyefuata kuni. Sentimita 10 zinaonekana chache hadi ikumbukwe kwamba eneo la moyo na mapafu ya swala pala lina upana wa kama sentimita 15 tu. La nyati ni kubwa zaidi, ila nyati hasamehi.

Kuifunga darubini ipasavyo hakuhitaji kiwanda. Fundi makini huanza kwa kufungua kila kitu, hata kama duka limeshafunga. Anafuta mafuta kwenye matundu na kwenye skrubu kwa spiriti, maana skrubu yenye mafuta hulegea upesi. Anapima urefu wa kila skrubu, kwa kuwa ile ya mbele ikizidi kidogo inaweza kugusa nyuzi za mtutu au kukwaruza komeo, na mwenye bunduki akadhani amekaza kumbe skrubu imegota chini huku kikalio, yaani kipande cha chuma kinachobeba pete juu ya bunduki, kikicheza. Kisha anakaza kidogokidogo, kwa kupishana, huku akitazama mianya ya pete pande zote mbili ilingane. Pete za darubini nyingi zinataka nguvu ya nyutoni-mita 2 hivi. Ni ndogo mno kuliko fundi wa gereji anavyodhani. Bomba la darubini ni la alumini, na likiminywa linabonyea. Spana ndogo ya kupimia nguvu ya kukaza ni nafuu mno ukilinganisha na darubini inayookolewa, lakini kuna wanaokaza hadi mkono uwaume na kujisifu kwa hilo.

Kwa bunduki nzito mambo huzidi. Kaliba ya .375 ya kampuni ya Holland & Holland, iliyoingia sokoni mwaka 1912 na bado ni mhimili wa uwindaji wa wanyama hatari Afrika, inasukuma risasi ya gramu 19 kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Bunduki inaruka nyuma, na darubini ya nusu kilo inataka kubaki pale ilipokuwa. Kinachoizuia ni mshiko wa pete na skrubu nne zenye kipenyo cha milimita 3.5. Mafundi wa bunduki za namna hiyo hutoboa upya na kuweka skrubu za zaidi ya milimita 4, na hawafanyi hivyo kwa urembo. BRNO ZKK 602, bunduki ya Kicheki iliyopendwa sana na wawindaji bingwa wa bara hili, ilikwepa tatizo hilo kwa njia rahisi: reli ya kushikia pete imechongwa kwenye chuma cha bunduki yenyewe, hivyo hakuna kikalio cha kulegea.

Teke hilohilo linahusu jicho. Darubini nyingi hutaka jicho likae sentimita 9 au 10 nyuma ya kioo. Ikifungwa karibu mno, mpigaji anaondoka na kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi, na wenzake hawatamwachia lisahaulike. Kupima nafasi hiyo mezani hakutoshi, kwa sababu shingo ya mtu aliyesimama akiegemeza bunduki kwenye miguu mitatu ya fito haikai kama shingo ya aliyelala chini au anayelenga chui aliye juu ya tawi.

Kuhusu kunyoosha nyuzi za msalaba, pimamaji na timazi vinatosha. Timazi inaning'inizwa mita 20 hivi mbele, bunduki inalazwa sawa kwa pimamaji, na uzi wa wima unalinganishwa na kamba. Lakini wapenda silaha hubishana juu ya hili kuliko linavyostahili. Bunduki ya .375 ikiinama nyuzi tano upande, risasi kwenye mita 200 huhama kama sentimita 3 tu. Nyati wengi hupigwa chini ya mita 100. Muda unaopotea kwenye ubishi huo ungetosha kukagua skrubu mara mbili.

Halafu vije vile virungu vya kuzungusha juu ya darubini. Kwenye darubini nyingi mlio mmoja husogeza risasi milimita 7 au sentimita 1 kwa mita 100. Vimewekwa kwa marekebisho madogo, si kwa kuficha ufungaji mbaya. Kirungu kikifika karibu na mwisho wa mzunguko wake na risasi bado ziko pembeni, kosa litafutwe kwenye vikalio. Taa ya leza inayochomekwa mtutuni nayo ina mipaka: inasaidia risasi ya kwanza iangukie kwenye karatasi, basi. Risasi tatu zikikusanyika mahali pamoja ndipo kuna la kurekebisha. Zikitawanyika, hakuna kirungu kitakachozikusanya.

Kuna watakaomtaja Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, na kuua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, wakidai kwamba ustadi wa mpigaji unatosha. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Mgeni wa siku 10 hana muda huo.

Pingamizi zito ni la rushwa. Kila fomu mpya katika nchi zetu ni mlango mpya wa chai, na sahihi inaweza kuuzwa. Dawa yake ni kulifanya zoezi liwe la hadharani: watafuta nyayo wawepo wakati wa kupiga, waione karatasi, na wawe na haki ya kukataa kufuata mnyama aliyejeruhiwa kwa bunduki ambayo haikupimwa. Hiyo haki ndiyo itakayowasumbua wenye kampuni kuliko fomu yenyewe, na ni sawa iwasumbue. Risasi sita za kupimia haziwezi kuwa mzigo kwa safari inayolipiwa maelfu ya dola.

Sharti hilo lisiishie kwa wageni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, lakini askari wa KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, bado huitwa kiboko au nyati anaposumbua vijiji, kama wanavyoitwa maofisa wa wanyamapori upande wa Tanzania. Bunduki zao huzunguka na gari miezi na miezi, nyingine zikiwa na darubini na nyingine na shabaha za chuma, nazo zinahitaji karatasi kwa kipimo kilekile. Na popote pale, bunduki ikianguka, gari likipinduka, au darubini ikivuliwa na kurudishwa, karatasi ya jana haihesabiki, ibandikwe nyingine.